Dawa ya magugu malishoni si shauri la mtu mmoja

Nyasi ni maziwa. Nyasi ni nyama. Nyasi ni ada ya shule, tena ni matibabu ya mtoto. Mfugaji wa Parakuyo, Twatwatwa au Kiduhi analijua jambo hili bila kufundishwa na mtu ye yote. Malisho yakiwa mazuri, kibuyu kinajaa asubuhi na jioni. Malisho yakiharibika, ng'ombe wanakonda, ndama wanakufa, na watoto nyumbani wanakosa maziwa. Ndiyo maana leo ukurasa huu wa afya unazungumza juu ya malisho.

Siku hizi dawa za kuua magugu zinapatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo. Mkulima anapiga dawa shambani badala ya kulima kwa jembe. Mfugaji naye anaona magugu na vichaka vinasonga nyasi, anajiuliza: Je, kwa nini mimi nisipige dawa malishoni?

Swali hilo ni la haki, nalo linahitaji jibu la kweli. Jibu letu ni hili. Dawa ya magugu inaweza kusaidia malisho, lakini haifai kupigwa kwa uamuzi wa mtu mmoja. Shamba la mahindi lina mwenyewe. Malisho ya kijiji ni chungu kimoja tunachokula wote. Anayetia kitu ndani ya chungu cha wote hana budi kuwauliza wenzake kwanza.

MAGUGU NAYO NI ADUI

Tusije tukadhani kwamba magugu hayana madhara. Yako magugu yanayoharibu afya ya mifugo na ya watu.

Tazama ndulele. Matunda yake ya njano yana sumu, na mbuzi mwenye njaa huweza kuyala. Tazama lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mbalimbali, kilicholetwa kutoka ng'ambo kama ua la bustani. Ng'ombe akila majani ya lantana kwa wingi, ini lake linaharibika, na ngozi yake inaungua kwa jua, hasa pale penye rangi nyeupe.

Tena liko gugu karoti. Majani yake yanafanana na ya karoti, na maua yake ni madogo meupe. Gugu hili liligunduliwa Arusha mwaka 2010. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mtu akiligusa mara kwa mara ngozi inawasha na kuvimba, na chavua yake huwaletea watu wengine pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yake yanakuwa machungu. Mbegu zake husafiri katika matope ya magurudumu, katika majani makavu ya mifugo na katika magunia ya nafaka. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya Mikumi. Kwa hiyo wakazi wa Mikumi hawana budi kuwa macho.

Majirani zetu wa Kongwa, mkoani Dodoma, walipata gugu lililosonga malisho mpaka likapewa jina la mahali hapo, yaani gugu la Kongwa. Huko Baringo, nchini Kenya, mti wa mathenge uliletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Mti huo ukaenea ukameza malisho. Maganda yake yana sukari nyingi, nayo yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi wa huko walikwenda mahakamani Nairobi, wakampeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi wao.

Basi, gugu la malishoni si jambo la kupuuza. Lakini adui akiingia nyumbani hatuchomi nyumba nzima ili tumpate yeye.

DAWA SI ZOTE NI MOJA

Watu wengi husema "dawa ya magugu" kana kwamba dawa ni moja. Ziko nyingi. Tuzitaje tatu zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni glaifoseti. Dawa hii huua karibu kila mmea wenye majani mabichi, zikiwamo nyasi. Ukiipiga juu ya malisho yote utaua gugu pamoja na chakula cha ng'ombe. Ardhi itabaki tupu. Na ardhi tupu, mvua ikinyesha, hutangulia kuota nini? Magugu! Kwa hiyo anayepiga glaifoseti malishoni bila kuchagua anawaandalia magugu kitanda.

Ya pili ni parakwati. Hii huunguza majani ya juu upesi sana, lakini haifiki mizizini, na magugu ya kudumu huchipua tena. Kwa binadamu ni sumu kali mno. Mtu akimeza funda moja tu anaweza kufa, kwa sababu huharibu mapafu, figo na ini. Haina dawa ya kuiponya. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuitumia tangu mwaka 2007. Sisi tunasema waziwazi kwamba parakwati haina kazi malishoni, wala haifai kukaa katika nyumba yenye watoto.

Ya tatu ni tu-foo-di, ambayo kwenye kopo huandikwa 2,4-D. Hii huua magugu yenye majani mapana na kuziacha nyasi. Ndiyo maana hutumiwa katika mahindi, miwa na malisho. Kati ya hizi tatu, hii ndiyo inayoelekea kufaa malishoni. Lakini nayo ina ubaya wake. Upepo ukiipeperusha huharibu pamba, alizeti, nyanya na maharage, hata mashamba yakiwa mbali kidogo. Na Kilosa ni wilaya ya mazao hayo.

Juu ya saratani, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba glaifoseti inaelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na kwamba 2,4-D huenda ikasababisha. Mamlaka nyingine, kama ile ya mazingira ya Marekani, zilisema kwamba glaifoseti ikitumiwa kwa kufuata maelekezo haielekei kuleta saratani. Wao wakiendelea kubishana, sisi tufanye lililo la busara: tuzitumie dawa hizi kidogo iwezekanavyo, tena kwa uangalifu.

NJIA NNE ZA SUMU KUINGIA NYUMBANI

Mtu hudhani kwamba dawa aliyoipiga porini imebaki huko huko porini. Sivyo. Inazo njia nne za kumfuata mpaka nyumbani.

Njia ya kwanza ni mwili wa anayepiga dawa. Bomba la mgongoni likivuja, dawa inapenya nguoni na kuingia katika ngozi. Akirudi na nguo hizo na kumpakata mtoto, mtoto naye anapata sehemu yake. Mama akizifua pamoja na nguo nyingine, sumu inaenea kwa wote.

Njia ya pili ni maji. Dawa ikipigwa kabla ya mvua huoshwa na kupelekwa mabondeni, katika lambo wanalonywea ng'ombe na kisima wanachochota akina mama. Mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalitukumbusha jinsi maji ya milimani yanavyofika majumbani upesi. Maji ya Mkondoa huingia mto Wami, na Wami huenda mpaka baharini karibu na Saadani. Anayeosha bomba lake mtoni Kilosa anamwoshea jirani aliye chini yake.

Njia ya tatu ni ng'ombe mwenyewe. Yako magugu yenye sumu ambayo ng'ombe hawayapendi yakiwa mabichi. Yakipigwa dawa na kuanza kunyauka, ladha yake hubadilika, na ng'ombe huyala. Hivyo mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe kwa sumu ya gugu lenyewe, siku chache baada ya kupiga dawa. Tena dawa nyingine huweza kupita kidogo katika maziwa na nyama. Ndiyo maana kibandiko cha kopo husema mifugo ingoje siku ngapi kabla ya kurudi kulisha, na siku ngapi kabla ya kuchinjwa.

Njia ya nne ni samadi, nayo wengi hawaijui. Ziko dawa za malishoni ambazo hupita tumboni mwa ng'ombe na kutoka katika kinyesi zikiwa bado na nguvu. Mwaka 2008 huko Uingereza watu wengi walitia samadi katika bustani zao, kisha nyanya, viazi na maharage yao yakajikunja na kufa. Ilionekana kwamba nyasi zilizoliwa na ng'ombe zilikuwa zimepigwa dawa iitwayo aminopiralidi. Serikali yao ikasimamisha uuzaji wa dawa hiyo kwa muda. Fikiri, ndugu msomaji: mfugaji wa Kilosa anampa mkulima samadi kwa wema, naye mkulima anaona bustani yake inakufa. Nani atamweleza kwamba hakuna uchawi wala ubaya hapo?

AMANI NAYO NI AFYA

Hapa tunafika penye jambo kubwa. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Wako Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wako Wamasai na Waparakuyo, Wabarabaig, Wasukuma na wengine wengi. Wote wanaitegemea ardhi ile ile na maji yale yale. Hatujasahau tarehe 8 Desemba, 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ambako ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30, wakiwamo wanawake na watoto. Hakuna zahanati inayoweza kuponya jambo kama hilo.

Sasa tuchukue mfano. Mfugaji mmoja anapiga dawa malishoni bila kumwambia mtu. Upepo unaipeleka katika pamba ya jirani, na pamba inajikunja. Jirani atasema amehujumiwa. Au mkulima anapiga dawa katika shamba lililo kando ya njia ya mifugo, naye hakuweka alama. Ng'ombe wanapita, wanakula, na kesho yake watatu wamekufa. Mwenye ng'ombe atasema wamewekewa sumu. Labda hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini pasipo na taarifa, shuku ndiyo huwa taarifa. Hasira ya siku moja inaweza kuleta msiba wa miaka mingi.

Kwa hiyo tangazo la siku ya kupiga dawa si adabu tu. Ni kinga, kama chanjo ilivyo kinga.

KWA NINI MAGUGU YAMEZIDI?

Kabla ya kutibu ugonjwa, mganga huuliza umetoka wapi. Magugu ya malishoni hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika uchovu wa ardhi. Ng'ombe wengi wakila mahali pamoja mwaka mzima, hula nyasi nzuri mpaka shinani. Nyasi hizo hazipati nafasi ya kutoa mbegu. Gugu ambalo ng'ombe hawalipendi linabaki peke yake, linachanua na kupukutisha mbegu, nalo linatawala.

Zamani mfugaji aliweza kuhama na kuiacha ardhi ipumzike. Leo nafasi imepungua. Upande mmoja yako mashamba. Upande mwingine iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo mifugo hairuhusiwi kuingia. Hivyo ardhi iliyobaki inafanya kazi bila likizo. Kupiga dawa katika ardhi ya namna hii bila kuipumzisha ni sawa na kupangusa maji sakafuni huku paa linavuja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kugawa malisho. Kijiji kikigawa malisho yake katika sehemu tatu au nne, na kila msimu sehemu moja ikafungwa, nyasi zinapata nguvu ya kupigana na magugu zenyewe. Kazi ya pili ni panga na jembe. Gugu ling'olewe kabla halijachanua, ardhi ikiwa na unyevu. Anayeng'oa gugu karoti avae glavu na kufunika pua na mdomo. Watoto wasifanye kazi hiyo. Vichaka vikatwe mwisho wa kiangazi, na machipukizi yakatwe tena.

Wako watakaosema: "Kazi ya mkono ni ngumu, na vijana wamekwenda mjini." Ni kweli kazi hiyo ni ngumu. Lakini dawa nayo si rahisi kama inavyodhaniwa. Inanunuliwa kwa fedha, inahitaji bomba, inahitaji maji safi, na lazima irudiwe kwa sababu mbegu zilizo ardhini haziuliwi na dawa ya majani. Siku mbili za kazi ya kijiji kabla magugu hayajachanua zinaweza kufanya kazi ambayo makopo kumi hayataweza baadaye. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Nguvu hiyo ya vikundi haijakwisha katika vijiji vyetu.

IKIWA HAPANA BUDI KUPIGA DAWA

Kuna wakati panga halitoshi. Lantana iliyokatwa huchipua tena na tena. Hapo dawa kidogo ikipakwa juu ya kisiki kilichokatwa wakati huo huo hufanya kazi vizuri kuliko kuipuliza juu ya eneo zima. Dawa ni kidogo, haipeperuki, na nyasi zinapona. Hii ndiyo njia bora malishoni: kutibu gugu, siyo kutibu uwanja.

Wanaopiga dawa wazingatie mambo haya:

1. Mwone afisa ugani au Bwana Mifugo kwanza. Mweleze ni gugu gani na mahali gani.

2. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa ndani ya kopo lake lenye kibandiko. Usikubali kupimiwa dawa katika chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo imewaua watoto wengi.

3. Soma kibandiko, au mwombe mtu anayejua kusoma akusomee mpaka mwisho. Hii ni faida mojawapo ya kisomo.

4. Tangaza siku tatu kabla. Weka kitambaa chekundu kwenye vijiti kuzunguka eneo, na usikiondoe mpaka siku za kungoja ziishe.

5. Vaa buti, suruali nje ya buti, mikono mirefu, glavu na kitu cha kukinga macho. Usizibue bomba kwa mdomo. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini.

6. Piga asubuhi pasipo na upepo. Usipige mvua inapokaribia. Kaa mbali na kisima, lambo na mto.

7. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasishike dawa hii wala nguo zilizopigiwa dawa.

8. Kopo likiisha, lisuuze mara tatu, na maji hayo uyamimine katika bomba uyapulizie pale pale. Kisha toboa kopo. Lisigeuzwe kuwa kibuyu cha maziwa wala ndoo ya maji.

9. Oga kwa sabuni mara umalizapo. Fua nguo zako peke yake.

Mtu akimwagikiwa na dawa, vua nguo zake na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akimeza, mkimbize hospitali mara moja pamoja na kopo lenye kibandiko, ili mganga ajue ni sumu gani. Usimtapishe, wala usingoje kuona kama atapata nafuu. Aliyemeza parakwati huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kumbe mapafu yameanza kuharibika.

KIJIJI KIAMUE

Sheria zimekipa kijiji mamlaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya mwaka 2007 inahusu mipango ya matumizi ya ardhi, na ya mwaka 2010 inahusu maeneo ya malisho. Hatuna haja ya kungoja agizo kutoka Kilosa mjini wala Morogoro.

Mkutano mkuu wa kijiji ujadili malisho kabla ya masika. Wakulima wawepo na wafugaji wawepo. Akina mama wawepo na wapewe nafasi ya kusema, maana wao ndio wanaokamua, ndio wanaochota maji, na ndio wanaokesha na mtoto mgonjwa. Mkutano uamue ni sehemu gani itapumzishwa, lini watu watatoka kung'oa magugu, na ni wapi dawa inaruhusiwa au inakatazwa kabisa. Liwekwe daftari kwa afisa mtendaji wa kijiji, na kila anayepiga dawa malishoni au kando ya njia ya mifugo aandike jina la dawa, mahali na siku. Ng'ombe akifa au mazao yakikauka, daftari lifunguliwe kwanza, kabla ya mtu kushika fimbo au panga.

Daftari hilo linahitaji kalamu na uaminifu tu. Linaweza kuokoa ng'ombe, linaweza kuokoa mtoto, tena linaweza kuokoa ujirani.

Ndugu wafugaji na wakulima wa Kilosa na Mikumi, masika hayako mbali, na magugu hayangoji. Tuanze na mapumziko ya ardhi, tufuate na panga, na dawa ije mwisho, kidogo, kwa idhini ya wote. Nyasi zikipona, maziwa yatakuwa safi. Maziwa yakiwa safi, mtoto atakua.